Kasi Ipo, Mbona Simu ya Video Inakwama?

Mlalamikie mtu yeyote kwamba simu zako za video zinagandaganda, atakuambia upime kasi ya intaneti. Unapima. Kipimo kinakuonyesha megabiti 50 kwa sekunde, unarudi kwenye mkutano, na sura ya unayeongea naye bado imeganda mdomo wazi huku sauti ikitoka kama ya roboti. Wengi wakifika hapo huamua kwamba kifurushi ni kidogo. Wananunua kikubwa zaidi, na simu zinaendelea kukwama vilevile. Kipimo kile hakikuwadanganya, ila kilipima kitu kingine.

Simu ya video haili kasi kubwa kama watu wanavyodhani. Zoom, kwa mfano, inapendekeza takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi kwa mazungumzo ya watu wawili yenye picha ya 720p. Ukitaka picha kali zaidi, ya 1080p, ndipo unakaribia megabiti 4. Sauti peke yake inatosheka na kidogo mno: Opus, mfumo wa kubana sauti uliosanifishwa mwaka 2012 na unaotumiwa na programu nyingi za simu za intaneti, unaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde na maneno bado yakasikika. Mwenye megabiti 50 ana ziada tele. Anachokosa ni pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, kufika kwa wakati wake.

Kilichochelewa kimepotea

Unapoongea, programu haikusubiri umalize sentensi. Inaikata sauti yako vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, inavibana na kuvirusha kila kimoja kwenye pakiti yake. Hizo ni pakiti 50 kila sekunde kwa sauti tu, bado za picha. Kila pakiti inatoka kwenye kifaa chako, inapita hewani hadi kwenye ruta, inaingia kwenye laini ya kampuni ya intaneti, mara nyingi inapitia seva za programu yenyewe, kisha inateremka njia kama hiyo hadi kwa mwenzako.

Kule inakofika, vipande vinatakiwa kuchezwa mfululizo, kimoja kila milisekunde 20. Kipande kikikuta zamu yake imepita hakina kazi tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana simu hizi hupendelea UDP, itifaki inayorusha pakiti bila kudai stakabadhi. TCP, inayobeba sehemu kubwa ya kurasa za tovuti na mafaili, ikipoteza pakiti moja huwazuia wote waliokuja nyuma hadi ile iliyopotea itumwe upya. Kwa faili ni sawa kabisa. Kwa mtu aliye katikati ya neno ni balaa.

Hapa pia ndipo filamu na simu zinapoachana. Filamu ya mtandaoni inapakuliwa mbele ya pale unapotazama, kwa hiyo ina akiba ya sekunde nyingi, na mtandao ukiyumba kidogo hata hutajua. Simu haiwezi kujiwekea akiba hiyo kwa kuwa maneno yenyewe bado hayajasemwa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linasema ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja hauathiri mazungumzo mengi, na kwamba mtandao usipangwe kuzidi 400. Katikati ya namba hizo mbili ndipo watu wanapoanza kukanyagana: mnanyamaza wote, mnaanza wote, kisha wote mnasema "endelea, endelea tu". Kwa hiyo anayesema "mtandao wangu hauna tatizo, natazama filamu kila siku" hajathibitisha chochote kuhusu simu.

Programu hujitetea kwa kuzishikilia pakiti makumi machache ya milisekunde kabla ya kuzicheza, ili zilizochelewa ziwafikie wenzao. Adui mkubwa wa mbinu hii ni mtikisiko, yaani tofauti ya muda baina ya pakiti na pakiti. Zote zikichelewa milisekunde 80 sawasawa, mambo shwari. Moja ikija baada ya 20, nyingine 140, nyingine 35, programu inaanza kunyoosha silabi hii, kuibana ile, na kubuni sauti ya kuziba pengo. Ile sauti ya roboti ni programu inayobahatisha ulichosema.

Picha ina kisa chake. Haitumwi nzima kila mara. Inatumwa fremu moja kamili, yaani picha moja ya mnato, halafu zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika. Pakiti ikipotea katikati, fremu zote za mbele zinajengwa juu ya msingi wenye tundu, na hapo ndipo unapoona miraba ya rangi au shavu la mtu likivutika kuelekea dirishani. Programu nyingi huona heri kugandisha picha na kumwomba mtumaji fremu kamili mpya. Fremu kamili ni nzito kuliko zile za mabadiliko, kwa hiyo laini iliyokwisha kuelemewa inaongezewa mzigo wakati ule ule inapohema. Ukiona picha inaganda, inafunguka kwa nusu sekunde, inaganda tena, mara nyingi ni hicho kinachoendelea.

Nani anaumia?

Kabla ya kugusa waya wowote, uliza swali hili: tatizo linaonekana kwa nani? Jibu lake linafuta nusu ya washukiwa.

Wewe unawaona vizuri lakini wao wanakuambia umeganda? Kinachoshindwa ni upande wa kupakia, yaani data inayotoka kwako. Laini nyingi za nyumbani zinauzwa zikiwa zimepinda: kupakua kwingi, kupakia kiduchu. ADSL2+, intaneti inayopita kwenye waya wa simu ya mezani, inaweza kufika megabiti 24 za kushuka, lakini za kupanda kwa kawaida huishia karibu na 1.4. Tangazo linataja ile namba kubwa. Kwa kuvinjari na kutazama filamu mgawanyo huo una mantiki, lakini simu ya video inataka pande zote mbili, na ni huku kupakia kunakoishiwa kwanza.

Kama kila mtu anakatikakatika kwako, tatizo liko kwako au kwenye laini yako. Kama ni mmoja tu anayekatika na wengine wako safi, ni lake yeye, na hakuna ruta utakayozima kwako itakayomsaidia.

Mwangwi ndio unaowachanganya watu, kwa kuwa kanuni yake imegeuka. Anayejisikia mwenyewe akirudi si mwenye kosa. Sauti yake inatoka kwenye spika ya mtu mwingine, inaingia kwenye maikrofoni ya huyo huyo na kurudishwa. Zimeni maikrofoni mmoja mmoja; ya nani ikizimwa mwangwi unatoweka, huyo ndiye avae spika za masikioni. Hapo intaneti inasingiziwa bure.

Foleni ndani ya ruta

Sasa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lina faida kuliko vipimo vyote vya kasi. Linahitaji kompyuta na amri moja, *ping*, ambayo hutuma pakiti ndogo na kukuambia imechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows, Terminal kwenye Mac na Linux) na uipige ping ruta yako mwenyewe. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; kama sivyo, imebandikwa chini ya ruta. Kwenye Windows andika `ping -t` ukifuatisha anwani ili isiishie kwenye pakiti nne. Kwenye Mac na Linux inaendelea yenyewe hadi uisimamishe kwa Ctrl+C. Iache iende kwa dakika moja au mbili. Kwa kompyuta iliyochomekwa kebo, majibu yanapaswa kuwa milisekunde 1 hivi. Kwa Wi-Fi iliyo karibu, 2 hadi 10, na mruko wa hapa na pale si hoja. Ukiona 3, 4, 180, 5, kimya, 240, 6, basi tatizo halijatoka hata nje ya nyumba, na kuipigia kampuni ya intaneti ni kuwasumbua bure.

Ruta ikijibu vizuri, fungua dirisha la pili na upige ping nje, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Namba itapanda, labda 15, labda 60, kulingana na ulipo na aina ya laini. Ukubwa wake si muhimu sana kama kutulia kwake. Iangalie kidogo uizoee.

Halafu, ping ikiendelea, chukua simu yako uanze kupakia video ndefu kwenye hifadhi ya mtandaoni, au mwambie mtu nyumbani atume faili kubwa. Tazama namba. Laini yenye afya itatoka 25 kwenda 40, labda 50. Laini iliyougua itatoka 25 kwenda 90, 300, 700, na kukaa huko huko juu hadi faili liishe. Likiisha tu, inarudi 25 kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna pakiti iliyopotea. Zote zimefika, ila zimesota.

Zilisota kwenye foleni. Ruta na modemu zina hifadhi ndogo ya pakiti zinazosubiri kutoka. Watengenezaji, wakiogopa kupoteza pakiti, waliikuza hifadhi hiyo kupita kiasi, na programu ya kupakia faili, ambayo haina haraka, inaijaza hadi pomoni. Pakiti yako ya sauti inapofika inakuta msururu mbele yake na kupanga mstari nyuma ya picha za likizo. Hesabu ni rahisi: foleni ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde inachukua zaidi ya sekunde 2 kumalizika. Mhandisi Jim Gettys aliliandama tatizo hili kuanzia mwaka 2010 baada ya kulikuta kwenye laini ya nyumbani kwake, na ndiye aliyelipa jina linalotumika leo, *bufferbloat*. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, mbinu ya kuibana foleni kwa kuangalia muda ambao pakiti imesubiri badala ya wingi wa pakiti. Kutokana nayo ikaja fq_codel, ambayo pia inazitenganisha foleni za mazungumzo mbalimbali ili faili moja kubwa lisimzibe kila mtu.

Hili ndilo linaloeleza kwa nini kipimo cha kasi kinakupa alama nzuri huku simu ikifa. Kipimo cha kawaida huuliza laini inabeba kiasi gani, na hifadhi iliyojaa haiipunguzi namba hiyo. Vipimo vingine vimeanza kujirekebisha. fast.com, ya Netflix, ukifungua maelezo zaidi inakupa ucheleweshaji wa aina mbili: laini ikiwa tupu, na laini ikiwa na mzigo. Pengo baina ya hizo mbili ndilo la kutazama.

Dawa ya haraka ni kumtafuta mla laini. Mara nyingi si mtu bali ni kifaa: simu inayohifadhi picha mtandaoni yenyewe kila inapochomekwa chaji, kompyuta inayopakua masasisho, kamera ya ulinzi inayorusha video usiku na mchana. Hifadhi ya picha ni mshukiwa wangu wa kwanza siku zote. Inafanya kazi kimyakimya, na inapakia, upande ule ule ulio mwembamba. Tena kupakia kukijaa, hata kupakua kunazorota, kwa sababu stakabadhi za TCP za data inayoshuka zinakwama kwenye foleni ileile ya kupanda.

Dawa ya kudumu iko ndani ya ruta, kama ruta inayo. Kwenye mipangilio tafuta SQM, fq_codel au CAKE, yote majina ya mbinu za kupanga foleni, iwashe, na uiwekee kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 85 hadi 90. Watu hukataa wakisikia hivyo: nijipunguzie kasi niliyoilipia? Ndiyo. Kikomo hicho kinaihamisha foleni kutoka kwenye modemu usiyoitawala hadi kwenye ruta inayojua kuipanga. Utapoteza megabiti chache, na mwenzako ataacha kukuuliza kama bado upo. Programu huria ya OpenWrt inaendesha mambo haya kwenye ruta nyingi za kawaida, ingawa kuisimika si kazi ya mtu anayeogopa mipangilio.

Hewani

Kama ping ya kwanza, ile ya ruta, ndiyo iliyoruka, basi ni Wi-Fi. Usiziamini zile baa za mawimbi. Zinakuambia ruta unaisikia kwa nguvu gani, hazikuambii ni wangapi wengine wanaongea kwenye hewa hiyohiyo. Wi-Fi ni ya kupokezana: kwenye chaneli moja anaongea mmoja, wengine wanangoja. Kifaa cha zamani kilichojificha chumba cha mwisho kinaongea polepole na kuwaweka wote. Na Wi-Fi ina tabia ya kurudia yenyewe pakiti iliyoharibika, mara kadhaa, bila kukuambia. Upotevu unafichwa, unageuka kuwa mtikisiko, yaani kile kile kinachoiua sauti.

Wi-Fi hutumia zaidi masafa mawili. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya kuta, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na majirani wote wamo humo. Oveni ya maikroweivu hufanya kazi kwenye takriban 2.45 GHz, na Bluetooth iko palepale. 5 GHz ina nafasi kubwa zaidi ila inachoka mapema ukutani. Kwa simu ya video chagua 5 GHz kila inapofika vizuri. Kipaza Wi-Fi cha bei nafuu kinachopokea na kurusha kwa redio moja hula karibu nusu ya uwezo, kwa kuwa kila pakiti inasemwa mara mbili. Baa zinajaa, simu inazidi kukwama.

Lakini kama una kebo ya kutosha kufika kwenye ruta, ichomeke na uache kusoma sehemu hii.

Wakati mtandao hauna hatia

Kubana na kufungua video ni kazi nzito. Kompyuta ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na picha yako inaanza kusuasua kwa wote, hasa ukiwa umeweka mandhari bandia nyuma yako. Dalili yake: simu inaanza safi, inaharibika baada ya dakika kumi au ishirini, feni inavuma, ping imetulia tuli. Ondoa mandhari, funga tabo za kivinjari, punguza ubora wa picha.

Spika za masikioni za Bluetooth nazo huifanya intaneti ilaumiwe kimakosa. Zikicheza muziki zinatumia njia ya sauti nzuri inayokwenda upande mmoja. Maikrofoni yake ikiwashwa, vifaa vingi vinahamia njia ya simu ya pande mbili, ambayo katika umbo lake la zamani huipima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde (8 kHz) na katika lile jipya kidogo mara 16,000. Ndiyo sababu sauti inadumaa ghafla mkutano unapoanza. Tumia maikrofoni ya kompyuta yenyewe na uziache zile za masikioni zisikilize tu.

Kuna pia simu inayounganishwa, majina yanaonekana, ila hakuna sauti wala picha. Au inayosita sekunde kadhaa kisha kuja ikiwa na ubora wa chini. Hapo mara nyingi ukuta wa usalama (firewall) au VPN, huduma inayopitisha data yako kwenye njia ya siri, imeziba UDP, na programu imelazimika kujipenyeza kwa TCP kupitia mlango wa 443, ule wa tovuti za kawaida, wakati mwingine kwa kuzungukia seva ya kati. Inafanya kazi, lakini kwa tabia zote za TCP zilizotajwa juu. Zima VPN, jaribu tena.

Umbali je? Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwa upande mmoja, chini sana ya zile 150. Mtu wa bara jingine hana sababu ya kukwama kwa ajili ya umbali pekee. Setilaiti za kale ni habari nyingine: zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu kunakula karibu milisekunde 240. Hakuna mpangilio wa ruta utakaozipunguza. Setilaiti za chini kama za Starlink, zinazozunguka karibu kilomita 550 juu, hazina mzigo huo.

Ikibaki kwamba umechomeka kebo, hakuna anayepakia chochote, ruta inajibu kwa milisekunde 1, na bado ping ya nje inapanda kila jioni na kupoteza pakiti, basi sasa ipigie kampuni ya intaneti. Usiwaambie "mtandao uko chini", watakuambia uzime ruta na kuiwasha. Wape ping za ruta na za nje za wakati mmoja, saa zilipochukuliwa, na zile za asubuhi laini ikiwa imetulia. Msongamano wa saa za jioni kwenye laini wanayogawana watu wengi ni tatizo wanalolijua, na mwenye namba mkononi ni vigumu kumzungusha.

Wakishughulikia, zima kamera yako mara mambo yakichafuka; hiyo inaondoa sehemu kubwa ya unachopakia, na sauti inabaki na nafasi. Na kama programu inaruhusu kuingia kwa vifaa viwili, weka sauti kwenye simu inayotumia data ya mtandao wa simu, na picha iachie kompyuta. Kumbuka tu kuzima spika na maikrofoni ya kompyuta, la sivyo mwangwi utakuwa ni wako.